Bukama: Nani Bado Anakumbuka Majina ya Mashamba na Mabwawa?

Ukimuuliza mkaaji wa Bukama urithi wa mji wake ni nini, mara nyingi atakuonyesha kwanza reli. Hakosei. Reli iliyotoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilifika hapa kwenye ukingo wa mto Lualaba mwaka 1918, na kwa miaka kumi Bukama ilikuwa mwisho wa reli na mwanzo wa njia ya maji. Abiria walishuka kwenye treni, wakapanda meli, wakateremka na mto hadi Kabalo na Kongolo. Mwaka 1928 reli ilifika Port-Francqui, yaani Ilebo, kule Kasai. Mwaka 1956 Kamina na Kabalo zikaunganishwa kwa reli, na tangu hapo mizigo mingi iliyokuwa ikilala Bukama ikapata njia nyingine.

Siku hizi treni ya SNCC ikifika, watu wanakimbilia stesheni na mabeseni ya samaki, magunia ya mihogo na madumu ya mawese. Isipofika wanangoja, siku moja, siku tatu, wakilala juu ya mizigo yao. Wengine huchoka kungoja, wakapanda treni ya mizigo, na hatari yake inajulikana: mwezi wa Machi 2022 treni ya mizigo iliyokuwa ikielekea Tenke ilianguka Buyofwe, katika jimbo la Lualaba, na watu zaidi ya 60 walipoteza maisha, waliokuwa wamepanda kwa kukosa njia nyingine ya kusafiri.

Lakini reli ina umri wa miaka mia moja na kitu tu. Kuna urithi mwingine ulio mzee kuliko reli, nao ni majina ya mahali. Kila bwawa lenye samaki lina jina. Kila kichuguu kikubwa kisichofunikwa na maji kina jina. Kila kipande cha udongo mweusi kinachobaki na unyevu maji yakishuka kina jina, na nyuma ya jina hilo yupo mtu aliyepewa, yupo aliyempa, na upo mwaka wa njaa au wa maji makubwa ambao jambo hilo lilifanyika. Majina hayo hayamo kwenye ramani ya serikali. Yamo vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka mmoja mmoja. Familia zilizohama kwa sababu ya vita ndizo zinazoyapoteza haraka zaidi.

Kwa ndugu wasikilizaji waliozaliwa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi na ambao hawajafika huku, ni vizuri kueleza nchi yenyewe ilivyo. Lualaba inashuka kutoka nyanda za juu za Katanga kwa haraka na kelele, kisha ikifika Bukama inatulia. Kuanzia hapa ni bonde pana, bonde la Upemba, lenye maziwa mengi: Upemba lenyewe, Kisale, Kabamba, Zimbambo, Mulenda, Kabwe na mengine madogo. Kati ya ziwa na ziwa kuna mafunjo, matete, na njia za maji ambazo mgeni hawezi kuzipata bila mwenyeji kukaa mbele ya mtumbwi. Mvua zinazoanza mwishoni mwa mwaka hujaza mto. Ikifika Machi na Aprili maji yametanda kila mahali, na nyumba za matofali mabichi zilizojengwa chini hubomoka. Kuanzia Juni maji hurudi nyuma polepole, yakiacha samaki kwenye mabwawa na udongo laini kwenye kingo.

Ndiyo maana mkulima wa Bukama halimi mara moja kwa mwaka. Ana shamba la nchi kavu, ambako hulima mihogo, mahindi na karanga kwa mvua. Ana tena bustani ya ukingoni, ambako hupanda mahindi ya kula mabichi na mboga maji yanaposhuka. Huyo huyo ni mvuvi, au ndugu yake ni mvuvi, au mke wake hununua samaki kwa wavuvi, akawakausha kwa moshi au akawatia chumvi wawe bitoyo, akawapeleka stesheni. Zamani za ukoloni samaki wa huku walipanda treni kwenda kulisha wafanyakazi wa migodi ya shaba. Hadi leo meza nyingi za Lubumbashi zinakula bukari kwa samaki wa bonde hili bila kuuliza waliovua ni akina nani.

Mtu wa mjini akisikia neno ardhi hufikiri kitu kisichosogea. Huku ardhi inasogea. Ukingo unakatika mwaka huu upande wa kuume, mchanga unaongezeka upande wa pili. Kwenye maziwa kuna hata visiwa vinavyoelea, vilivyofumwa na mizizi ya mafunjo, na wavuvi hujenga vibanda juu yake. Upepo mkali ukija, kisiwa hubadilisha mahali pamoja na sufuria zilizo juu ya moto. Katika nchi ya namna hiyo jiwe la mpaka halisaidii sana. Anayesaidia ni mtu anayeweza kusimama na kusema: kutoka mti ule mpaka mdomo wa mfereji ule palikuwa pa fulani, mtoto wa fulani, na nkambo wake alipapewa na shefu wa udongo mbele ya watu hawa na hawa.

Shefu wa udongo, kwa wasiomjua, si lazima awe yule shefu anayetambuliwa na serikali na kupiga muhuri kwenye barua. Ni mzee wa ukoo uliofika kwanza, anayejua mipaka, na anayezungumza na wankambo pale jambo la shamba au la maji linapoharibika. Mgeni akitaka kuvua kwenye bwawa la ukoo huomba kwanza, na akivua huacha sehemu ya samaki kwa mwenye maji. Mambo hayo hayaandikwi. Yanashuhudiwa, na shahidi akifa, mwanawe ndiye anayeshika ushahidi, ikiwa alikuwa karibu na baba yake kuusikia.

Hapo ndipo shida inapoanzia kwa waliohama. Mama mmoja aliyepita miaka sabini anakaa sasa katika kiwanja cha jamaa zake, si mbali na stesheni ya Bukama. Alitoka kijiji cha upande wa ziwa Upemba mwishoni mwa mwaka 2005. Wakati ule jeshi lilikuwa limeanza operesheni dhidi ya Mayi-Mayi katika eneo la kati ya Manono, Mitwaba na Pweto, lile lililopewa jina la pembetatu ya kifo. Maelfu walikimbia. Wengine walifika mpaka kwenye maziwa, wakaishi juu ya visiwa vinavyoelea, bila choo, wakinywa maji yale yale, katika eneo ambalo kipindupindu hakikosi kurudi. Mume wa mama huyu hakutoka ziwani. Yeye alitoka na watoto watatu, chungu kimoja na jembe lisilo na mpini.

Mwanawe wa mwisho alikuwa na miaka mitano. Leo ni baba wa watoto wawili, anabeba mizigo kwa baiskeli, na Kiluba chake ni cha salamu na kuombea chakula tu. Mambo mengine yote anayasema kwa Kiswahili. Miaka mingi hakuuliza kitu kuhusu kijiji. Alipoona bei ya kukodi kipande cha bustani karibu na mji inapanda kila msimu, ndipo alipokumbuka kwamba baba yake alikuwa na shamba na bwawa. Kiangazi kimoja akasafiri kwa mtumbwi, siku mbili, akafika.

Alikuta familia nyingine inalima. Hawakumfukuza. Walimpa bukari na samaki, wakamlaza, na asubuhi wakampeleka kwa shefu. Shefu akamuuliza maswali ambayo shefu yeyote angeuliza. Bwawa la baba yako linaitwaje? Jirani yako wa upande wa juu ni nani? Nani alimpa babu yako, na nani alishuhudia? Kijana akajibu kwamba anakumbuka mwembe. Watu wakacheka, si kwa ubaya, kwa sababu miembe ilikuwa mingi na mingine ilipandwa baada ya yeye kuondoka.

Aliporudi Bukama, yeye na mama yake walizungumza maneno machache.

"Mama, bwawa letu lile linaitwaje?"

"Miaka yote hii hukuniuliza, mwanangu."

"Na wewe hukunisimulia, mama."

Mama akanyamaza. Halafu akataja jina, na kufuatana na hilo majina mengine tisa, bila kusita, kama mtu anayehesabu watoto wake kabla ya kufunga mlango.

Ni lazima kusema pia upande wa pili, kwa sababu katika habari za namna hii waliohama husikilizwa kwa huruma na waliobaki husahauliwa. Familia iliyokutwa shambani haikuiba. Ilirudi mapema kuliko wengine, ikakuta matete yamefunika kila kitu, ikafyeka, ikazibua mfereji, ikazika watu wake hapo hapo. Mzee wa familia hiyo husema kwamba shamba lisilo na mtu hurudi kwa nguruwe-mwitu, na kwamba kama wao wasingelima, yule kijana angekuta msitu wa mafunjo na si shamba la kudai. Maneno yake yana ukweli. Ugomvi wa mashamba katika bonde hili, mara nyingi, ni ugomvi wa watu wawili wenye haki, na ndiyo sababu ni mgumu.

Tena kuhama si jambo la mwaka 2005 peke yake. Ugonjwa wa malale ulitikisa vijiji vya Lualaba mwanzoni mwa karne iliyopita. Wakoloni walisogeza watu kandokando ya barabara ili wahesabiwe, walipe kodi na wapatikane kwa kazi. Mwaka 1939 hifadhi ya Upemba iliundwa, na mpaka wake ukachorwa juu ya nchi ambayo watu walikuwa wakiwinda na kuvua. Miaka ya 1960 na 1961, wakati wa kujitenga kwa Katanga, nchi ya Waluba wa kaskazini iliwaka moto kwa vita kati ya askari wa Tshombe na wafuasi wa Balubakat, na makumi ya maelfu ya Waluba waliokuwa Elisabethville walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa. Katika ukoo mmoja wa huku unaweza kupata nkambo aliyehamishwa na wakoloni, baba aliyekimbia 1961, na mtoto aliyekimbia 2005. Kila mara walirudi, au baadhi yao walirudi, na kila mara walijua pa kurudi kwa sababu kuna mtu aliyekuwa na majina kichwani.

Urefu wa kumbukumbu hiyo unashangaza. Ukingoni mwa ziwa Kisale kuna mahali panapoitwa Sanga. Mwaka 1957 Jacques Nenquin alianza kuchimba makaburi ya kale hapo, mwaka 1958 Jean Hiernaux akaendelea, na miaka ya 1970 Pierre de Maret akachimba tena hapo na katika sehemu nyingine za bonde: Katongo, Kamilamba, Kikulu, Malemba-Nkulu. Walichokuta ni makaburi ya vizazi juu ya vizazi, kwa muda wa miaka karibu elfu moja. Ndani yake mlikuwa na vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi, shoka, vichwa vya mikuki, bangili za shaba, pembe za ndovu, na hata kauri zilizotoka pwani ya bahari ya Hindi. Mtoto alizikwa na vyungu vidogo, vya kumfaa mtoto. Baadaye katika historia hiyo vinaonekana vipande vya shaba vya umbo la msalaba, vikipungua ukubwa na kuanza kufanana, mpaka wataalamu wakaona kwamba vilikuwa fedha ya kununulia na kuuzia. Shaba haitoki Kisale. Ilitoka kusini, kwenye nchi ya migodi. Kumbe biashara ya samaki wa bonde na shaba ya kusini ni ya zamani sana kuliko treni.

Jambo moja katika habari za Sanga linawagusa watu wa kilimo zaidi kuliko shaba na pembe. Watu wale, katika nchi ambayo maji huingia kila mwaka na ukingo hubomoka, waliendelea kuzika wafu wao sehemu ile ile kizazi baada ya kizazi. Walijua mahali. Waliambiana. Wavuvi wa Kisale wa leo wanajenga karibu na makaburi hayo, na mahali pengine juu yake, bila kuona ajabu.

Kisha uko ubao wa lukasa. Waluba wengi wa mjini wameuona kwenye picha tu. Ni ubao wa mti unaoweza kushikwa kwa mkono mmoja, mwembamba katikati, uliopambwa shanga, kauri na misumari. Wenye kuutunza walikuwa watu wa chama cha Mbudye, na mjuzi aliusoma kwa kupitisha kidole: shanga hii ni mfalme, mstari huu ni safari, duara hili ni ziwa la vidye fulani. Kwa lukasa walisimulia habari za Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu. Za Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki. Na za Kalala Ilunga, ambaye mjomba wake Nkongolo alimchimbia shimo chini ya mkeka wa kuchezea ngoma, naye akaponyoka na kuvuka Lualaba. Lakini kazi ya lukasa haikuwa hadithi tu. Ilikuwa pia kuthibitisha: nani alikuja kwanza, ukoo gani unatoka wapi, shefu gani alipokea madaraka yake kwa mulopwe gani. Palipokuwa na ubishi wa cheo au wa nchi, mwenye lukasa aliitwa.

Leo lukasa nyingi nzuri ziko Tervuren karibu na Brussels, na nyingine ziko Marekani, mojawapo katika makumbusho ya Brooklyn. Mwaka 1996 maonyesho makubwa yalifanyika New York kuhusu sanaa na kumbukumbu za Waluba, na watu wa huko walistaajabu. Wana haki kustaajabu. Hata hivyo ubao ulio ndani ya kioo hauna kidole kinachoupitia. Shanga hizo hazikuwa herufi ambazo kila mtu angeweza kusoma. Maana yake ilikuwa ndani ya mtu aliyefundishwa, na maneno yalibadilika kidogo kufuatana na kijiji alikosimama na watu waliokuwa wakimsikiliza. Kudai lukasa zirudishwe ni jambo jema. Ila hakuna ndege itakayoleta kutoka Ulaya jina la bwawa lililo upande wa pili wa ziwa.

Wengine watasema: karatasi za serikali zipo, mambo ya mdomo ni ya kale. Wajaribu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni mali ya serikali. Kuhusu ardhi zinazokaliwa na jamii kwa desturi, kifungu cha 389 cha sheria hiyo kiliahidi kwamba haki za watu juu yake zitapangwa na ordonansi ya Rais wa Jamhuri. Mkulima aliyezaliwa mwaka huo amekuwa mzee huku ordonansi hiyo ikingojwa. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu au ya jamii iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Ni maneno mazuri. Lakini aliyepata kwa desturi ataonyesha nini? Hana hati. Ana mashahidi, na shahidi ni mtu anayejua majina. Hivyo hata mbele ya hakimu, kesi ya shamba la Bukama inarudi kwenye swali lile lile la shefu.

Familia kadhaa zilizohama zimeanza kuchukua hatua, bila semina na bila kungoja shirika. Njia ni nyepesi. Mzee anakaa, mjukuu anashika kaye na kalamu, au simu inawekwa irekodi sauti. Mzee haulizwi "tusimulie historia", kwa sababu swali hilo humfanya aanze na Nkongolo na kulala kabla hajafika kwenye shamba lake. Anaulizwa atembee. Unatoka nyumbani asubuhi, unapita wapi? Unavuka nini? Unakuta bwawa gani kwanza? Mkono wa kuume ni kwa nani? Nani alivua hapo, na kwa nini waligombana? Wazee ambao husema wamesahau kila kitu huanza kutembea kwa mdomo, na majina yanatoka yenyewe, kwa mpangilio wa miguu. Wanawake hasa. Mwanaume hujua mpaka mkubwa aliougombania. Mwanamke hujua kisima, njia ya kuni, mahali pa kulowekea mihogo, na jina la jirani aliyemwazima moto. Katika kesi, mambo hayo madogo yana uzito, kwa sababu mtu mwongo hana habari zake.

Kuna mambo ya kuangalia. Majina yaandikwe kwa Kiluba kama yalivyo, hata kijana asipojua maana. Jina likigeuzwa Kiswahili mzee wa huko hatalitambua. Yaandikwe na majina ya majirani, si ya ukoo mmoja tu, maana orodha inayotaja ukoo mmoja peke yake ina harufu ya uongo. Na nakala isikae kwenye simu moja. Simu huanguka majini, na katika mji huu hakuna kitu rahisi kuliko simu kuanguka majini.

Watu wengine wanaogopa, na hofu yao si ya kipuuzi. Kuandika majina kunaweza kuamsha ugomvi uliolala. Mtoto wa mjini aliyeshika kaye anaweza kufika kijijini na kujiona ana hati, akadai kama mwenye duka anayedai deni. Ndiyo maana wazee wenye busara wanataka orodha isomwe kwanza mbele ya waliobaki, nao waongeze yao na kusahihisha. Waliohama wanabeba majina kama yalivyokuwa mwaka waliokimbia. Waliobaki wanajua maji yalipokwenda tangu hapo, bwawa lipi limekauka, mfereji upi ni mpya, nani amekufa. Hakuna upande ulio na nchi yote kichwani.

Kijana wa baiskeli alirudi kwa mtumbwi kiangazi kilichofuata. Mama yake hakuweza safari hiyo, miguu imevimba. Alisema majina kumi kwenye simu ya mjukuu, polepole, akitaja kila moja mara mbili, na kwa kila bwawa akisema jirani wa juu na jirani wa chini. Kijana alifika, akaenda kwanza kwa mzee wa familia inayolima, kabla ya kwenda kwa shefu. Akapiga magoti kidogo, akapiga makofi mawili kama mama alivyomfundisha, akaomba ruhusa ya kumsikilizisha sauti.

Mzee aliweka simu sikioni, kwa kuwa hakuizoea, akasikiliza mpaka mwisho. Akaomba irudiwe. Watu wa nyumba yake wakasogea. Kwa jina la nne alicheka, akasema huyo mama alikuwa mchokozi tangu ujana, amelitaja lile bwawa ambalo ndugu yake alizama mtumbwi akiwa amelewa. Kwa jina la saba akainua mkono, simu ikasimamishwa.

Akasema hapo mama amekosea. Bwawa hilo halikuitwa hivyo upande wa kwao; hilo ni jina walilolitumia wanawake, kwa sababu ya mama mmoja aliyejifungua hapo mwaka wa maji makubwa. Jina lenyewe ni lingine. Akalitaja. Mke wake akabisha kutoka jikoni kwamba jina la wanawake ndilo la kwanza na hilo la wanaume lilikuja baadaye, na wakabishana hivyo kwa muda, kijana amekaa katikati yao na kaye kwenye magoti, akiandika majina yote mawili.

Mambo ya shamba yaliahirishwa mpaka shefu arudi kutoka Kinkondja. Jioni mzee alimchukua kijana kwa mtumbwi wake mdogo akamwonyesha bwawa la saba. Maji yalikuwa yameshuka, na kwenye tope la ukingoni mtu alikuwa ameshapanda mahindi.